Kura yangu imehamia wapi?

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, sherehe ya tuzo za filamu za Oscar ilianza kule Los Angeles saa kumi alasiri. Kwetu Lamu ilikuwa saa tisa usiku, Ramadhani ndiyo kwanza imeingia, na watu wako macho kwa ajili ya daku. Barazani kwetu Langoni palikuwa na sinia la wali na maharage ya nazi, dele ya kahawa, na simu moja imeegemezwa kwenye birika, mtandao ukikatika kila baada ya dakika mbili. Mimi kazi yangu ni kuhariri filamu. Kwa sababu hiyo baraza zima liliamini kwamba wote waliovaa suti katika ile simu nawajua.

"Wewe si mtu wa filamu?" akaniuliza mzee mmoja tumwitaye Ami, fundi wa majahazi tangu kabla sijazaliwa. "Hebu tueleze. Hawa huchaguliwa na nani?"

Sikujua kwamba swali hilo litachukua wiki nzima.

Nilianza na lililo jepesi. Wanaopiga kura ni wanachama wa Akademia ya filamu ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1927. Wenye haki ya kupiga kura mwaka 2025 walikuwa zaidi ya 9,000. Katika uteuzi, wahariri huteua wahariri, waigizaji huteua waigizaji, na Filamu Bora huteuliwa na wote. Kisha duru ya mwisho kila mwanachama huruhusiwa kupiga kura katika kila tuzo. Mshindi wa uigizaji, uhariri, muziki na nyingine nyingi ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, basi. Ni kama tunavyomchagua gavana: hata ukiwa na theluthi ya kura, ukiwatangulia wenzako umeingia.

Filamu Bora ina hesabu yake, na hapo ndipo kahawa ilipopoa.

Tangu sherehe ya mwaka 2010, walipopanua orodha kutoka filamu tano hadi kumi, waliona hatari. Filamu kumi zikigawana kura, moja inaweza kushinda kwa asilimia kumi na kitu, huku tisini waliobaki hawaitaki hata kuisikia. Kwa hiyo karatasi ya Filamu Bora haiwekwi alama moja. Unapanga: hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu, mpaka mwisho. Wakihesabu, kama hakuna filamu iliyovuka nusu ya kura, ile ya mkiani hutolewa, na karatasi za walioiweka namba moja huhamishiwa kwa filamu walizoziandika namba mbili. Huhesabu tena, hutoa tena, mpaka moja ivuke nusu.

"Huhamishwa?" Ami akaweka kikombe chini. "Kura huhamishwa?"

Hapa nilikosea. Neno hilo Kenya hulitumii ovyo mbele ya watu wenye akili timamu. Mwenye punda aliyekuwa amejilaza akaketi kitako. Mwalimu wa hisabati akacheka peke yake. Nikajaribu kusema kwamba si wizi, ni utaratibu, na Ami akanijibu kwamba kila mwizi ana utaratibu. Kisha mtandao ukarudi, filamu ya hali halisi iitwayo No Other Land ikatangazwa mshindi, waliyoitengeneza Wapalestina na Waisraeli kwa pamoja, wakapanda jukwaani na kuzungumza. Baraza zima likanyamaza. Ilikuwa filamu ambayo wakati huo haikuwa na msambazaji hata mmoja Marekani. Muadhini alipoadhini tulikuwa bado tunaizungumzia.

Filamu Bora yenyewe ilikuwa Anora. Mtu mmoja, Sean Baker, aliondoka na tuzo nne kwa filamu hiyo moja: utayarishaji, uongozaji, uandishi, na uhariri. Mimi niliona wivu wa kikazi kwa hiyo ya nne. Mwenye punda akasema mtu mmoja mwenye vyeo vinne lazima asili yake ni Mkenya.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo, tarehe 7 Machi, Rais Ruto na Raila Odinga, mpinzani wake wa 2022 ambaye sasa ni marehemu, wakatia saini makubaliano yao ya kufanya kazi pamoja pale ukumbi wa KICC, Nairobi. Baada ya tarawehe baraza lilijaa kuliko kawaida. Wengine walisema ni busara, nti hini imechoka tangu maandamano ya Juni 2024. Wengine walisema wameuzwa. Kijana muuza simu akauliza swali ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu siku hiyo: "Kura niliyompa huyu 2022 sasa iko kwa yule. Nani aliyeihamisha?"

Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikawaambia, tupige kura hapahapa.

Kulikuwa na jambo la kuamua kweli. Nilikuwa nimeahidi kuleta projekta usiku wa Idi, tutandike shuka ukutani tuangalie filamu moja. Machaguo yalikuwa manne: ya ngumi, ya Kihindi, ya Kiswahili, na ya vitisho. Tulikuwa watu 15. Mwalimu akachana daftari vipande 15, kila mtu akatakiwa kuandika namba yake ya kwanza hadi ya nne, na karatasi zikatumbukizwa katika kofia ya Ami, kofia ya vito ambayo kwa kawaida haruhusu mtu aiguse.

Tukahesabu za kwanza. Ngumi 6, Kihindi 4, Kiswahili 3, vitisho 2. Vijana wa ngumi wakashangilia. Kwa hesabu ya gavana walikuwa wameshashinda, na watu tisa kati ya 15 wangekaa usiku wa Idi wakitazama mateke wasiyoyataka.

Lakini nusu ya 15 ni saba na nusu, kwa hiyo anayetakiwa ni wa kufika 8. Tukaitoa ya vitisho. Karatasi zake mbili tukazifungua: zote zilikuwa na Kiswahili namba mbili. Sasa ngumi 6, Kiswahili 5, Kihindi 4. Ya Kihindi iliyokuwa ya pili sasa iko mkiani, nayo ikatoka. Katika zile nne, tatu ziliandika Kiswahili. Tatu na tano, nane.

Filamu iliyoanza ya tatu ikashinda. Kelele zilizotoka hapo ziliamsha watu mtaa wa Mkomani.

Wengi wanaosoma kuhusu Oscar hudhani filamu hushinda kwa kupendwa sana. Kwa hesabu hii hushinda kwa kutochukiwa. Filamu yenye mashabiki wakali elfu mbili na maadui elfu nne iko taabani. Ile ambayo kila mtu aliiweka ya pili au ya tatu inapanda ngazi kimyakimya. Ndiyo maana kampeni za huko, na ni kampeni hasa, zina gharama na wataalamu wake, hazishughuliki tu na kuwatia moto wafuasi. Hujitahidi kutomuudhi mtu. Mtayarishaji hamsemi vibaya mshindani wake hadharani, kwa sababu anayempenda mshindani yule huenda akampa yeye namba mbili.

Naijua hali hiyo kwa mwili wangu. Miaka kadhaa nyuma nilikaa katika jopo la majaji wa tamasha moja dogo. Tulikuwa watatu, kila mmoja na filamu yake moyoni, na tulibishana tangu asubuhi mpaka chai ya jioni. Tuliyoipa tuzo ilikuwa filamu ya nne, ambayo hakuna kati yetu aliyeipenda ya kwanza. Mpaka leo nakumbuka mahali ilipokatwa vibaya, dakika ya mwisho, mlango unafungwa mara mbili. Hata hivyo hakuna jaji aliyetoka na kinyongo.

Sasa rudi kwetu. Katiba ya 2010 nayo iliogopa jambo hilohilo, rais wa watu wachache. Ikasema lazima avuke nusu ya kura zote, na apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Asipopatikana, duru ya pili. Hatujawahi kuifika hiyo duru ya pili kwa sheria hii. Mwaka 2013 mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, mwaka 2022 kwa 50.49. Sababu yake barazani kila mtu aliijua: duru ya pili yetu hufanyika kabla ya uchaguzi. Hufanyika hotelini, viongozi wakiunda miungano na kugawana vyeo, na ukifika debeni machaguo ya kweli yamebaki mawili. Mwaka 2025 tuliona inaweza kufanyika hata baada ya uchaguzi.

Hilo ndilo nililomjibu kijana muuza simu. Katika kofia ya Ami, karatasi ilikwenda pale mwenyewe alipoandika. Aliyepiga kura ndiye aliyesema, huyu wangu akianguka nipeleke kwa fulani, na fulani yule usinipeleke kamwe. Kwetu kiongozi huhama, kisha hutuambia tumehama naye. Sisemi tuwaige Wamarekani. Uchaguzi wao wa rais ni kioja kingine. Nasema tu kwamba neno "kuhamishwa" lilitutisha kwa sababu hatujawahi kuulizwa namba mbili yetu ni nani.

Nisije nikaonekana mpiga debe wa Hollywood, mwalimu alinibana vizuri. Aliuliza: fomu zao 34A, zile za matokeo ya kila kituo, ziko wapi? Hazipo. Akademia haitangazi hesabu ya kura, si mwaka huo, si baada ya miaka hamsini. Kampuni ya ukaguzi, PwC, ndiyo huhesabu tangu miaka ya 1930, na watu wachache mno hujua majina kabla ya bahasha kufunguliwa. Mwaka 2022 sisi tuliona fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, kila mwenye simu akajumlisha mwenyewe. Kwa uwazi tumewapita mbali, ingawa usiku ule tunabishana hata makamishna wa tume hatukuwa nao, viti vilikuwa vitupu tangu Januari 2023 na vilikuja kujazwa Julai 2025.

Na makosa wanayo. Februari 2017 walitangaza La La Land kuwa Filamu Bora, watu wakapanda, wakaanza kushukuru, kisha ikabainika mshindi ni Moonlight. Bahasha zilikuwa nakala mbili mbili, moja kila upande wa jukwaa, na msomaji alikabidhiwa nakala ya tuzo ya mwigizaji wa kike iliyokwisha kutolewa. Kosa lilirekebishwa ndani ya dakika chache. Septemba mosi mwaka huohuo Mahakama ya Upeo ilibatilisha uchaguzi wetu wa rais. Mwenye punda alitaka kujua kama La La Land walikwenda mahakamani. Hawakwenda, mtayarishaji wao mwenyewe ndiye aliyeinua kadi sahihi mbele ya kamera.

Kuhusu sisi na Oscar kuna mengi, nitagusa machache. Lupita Nyong'o alishinda Machi 2014, babake wakati huo akiwa seneta wa Kisumu, na Wamexico nao wakamdai kwa kuwa alizaliwa kwao. Mwaka 2018 filamu Rafiki ilikuwa imepigwa marufuku nchini, na sheria za tuzo ya filamu za kimataifa zikitaka filamu ionyeshwe siku saba mfululizo katika nchi yake. Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba hizo. Mwishowe kamati ya Kenya ikapeleka Supa Modo. Mwaka uliofuata Lionheart ya Nigeria ikaondolewa kwa sababu mazungumzo yake mengi ni ya Kiingereza, Kiigbo kikiwa kama dakika 11 tu. Hapo Kiswahili ni mtaji, na watengenezaji wetu wanaokimbilia Kiingereza wangelifikiria hilo.

Ila moja barazani haikupita haraka. Watu Wote, filamu fupi iliyoteuliwa 2018, inasimulia basi lililoshambuliwa Mandera Desemba 2015, Waislamu wakakataa kutengwa na abiria Wakristo. Sisi tunaopanda basi la Mokowe alfajiri, tukashika barabara ya Garsen ambako nako mabasi yamewahi kushambuliwa, hatuhitaji kuelezwa. Ami aliuliza kama ilishinda. Haikushinda. Akasema hao wapiga kura elfu tisa hawajapita Garsen.

Kuanzia sherehe ya 2026 Akademia imeweka sharti kwamba mwanachama asipige kura ya mwisho katika tuzo yoyote mpaka awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Kabla ya hapo, katika tuzo nyingi walikuwa wakiaminiwa tu. Mwalimu alipendekeza sharti hilo kwa manifesto za 2027, tukacheka mpaka tukakosa pumzi.

Lakini nimeruka karatasi moja. Zile nne za Kihindi, tatu zilikwenda Kiswahili. Ya nne haikwenda popote. Ilikuwa na namba moja tu mbele ya Kihindi, kwingine kote nyeupe. Kura kama hiyo, chaguo lake likianguka, nayo hufa, haihesabiwi tena. Hatukuuliza ni ya nani, kura ni siri, ila mwandiko wa kalamu ya seremala tuliujua sote.

"Nimempigia mmoja maisha yangu yote," Ami akasema, akikung'uta kofia yake. "Mimi sina wa pili."

Nikamwambia basi ndiyo maana kura yake imekufa njiani. Akafikiri.

"Mwakani nitaandika Kihindi namba moja, namba mbili, namba tatu na namba nne."

"Ami, hiyo itakuwa kura iliyoharibika."

"Watajuaje?" akasema. "Si umesema hawatoi hesabu?"