Gudi taimu ya jela ya kaunti: siku zinapungua, kifungo hakipungui

Nafanya kazi na mawakili wa kesi za jinai hapa Minnesota, mimi sio wakili, mimi ni yule wa mafaili na simu, na watu wetu wakishajua kuna mtu anaongea Kiswahili kwa hiyo ofisi basi simu hailali. Swali kubwa ni hili: jaji amempa mtu wetu siku 90, tumesikia anaweza kutoka mapema, ni kweli?

Ni kweli. Ukifungwa siku 10 au zaidi kwa jela ya kaunti hapa Minnesota, kila siku 2 unazokaa bila kuvunja sheria za jela unapunguziwa 1, hiyo ndiyo gudi taimu, siku za tabia njema. Kwa hiyo 90 inakuwa 60, 30 inakuwa 20. Ukipewa siku 7 unakaa zote 7, hakuna cha tabia njema hapo. California wao tangu Oktoba 2011 ni karibu nusu kwa nusu kwa makosa mengi, na Texas hizo siku ni za sherifu, akitaka anakupa asipotaka hakupi, ndio maana naomba sana usichukue hesabu za binamu yako wa Houston ukampigia mama wa mtu aliye ndani Minneapolis.

Tatizo ni kuzilinda. Watu wanadhani kupoteza gudi taimu mpaka upigane. Kijana mmoja kilichomponza ni nudo, zile za pakiti za kuweka maji moto. Chakula cha jioni kule kinakuja mapema, saa kumi na nusu hivi, halafu hakuna kitu mpaka asubuhi, sasa kama familia haijakuwekea pesa ya kantini unalala na njaa, na nudo ndio pesa ya humo ndani, unakopa moja unalipa mbili. Yeye alimkopesha mwenzake, askari akaona, kukopeshana ni kosa, akaandikiwa ripoti, akatupwa seli ya peke yake na siku zake zikaliwa. Blanketi ya pili ni kosa. Kuficha tembe badala ya kumeza mbele ya nesi ni kosa. Kujibizana wakati wa kuhesabiwa, kosa, hata kama wewe ndio uko sawa, na hapo kwa kweli namwambia kila mtu nyamaza tu, haki yako tutaidai ukitoka.

Na jela ya kaunti ilijengwa kwa mtu wa kupita, ndio maana waliokaa kote kote wengi wanakwambia bora gereza kubwa la jimbo. Usiku taa hazizimwi kabisa, jua unaweza usilione, baridi ya AC mpaka Julai. Simu ndio inaniudhi zaidi. Tangu 2023 Minnesota imefanya simu za magereza ya serikali ya jimbo kuwa bure, lakini jela za kaunti hazikuwekwa kwa hiyo sheria, kwa hiyo muuaji wa Stillwater, gereza la jimbo, anaongea na mamake bila senti na huyu wa siku 60 kwa kaunti nyingi familia bado inalipia.

Sasa kama huna uraia soma hapa polepole. Uhamiaji hawaangalii ulikaa siku ngapi, wanaangalia jaji aliandika ngapi. Tangu sheria ya 1996, wizi au kosa la vurugu likiwa na kifungo cha mwaka mmoja linaweza kuhesabika kosa kubwa la kukudipoti hata kama una grini kadi, na hata kama jaji amesimamisha kifungo chote na hukunyea debe hata usiku mmoja. Ndio ajabu ya 365. Kwa korti za federo, yaani za serikali kuu ya Marekani, raia anaomba aongezewe siku, apewe mwaka na siku moja, kwa sababu gudi taimu ya huko, mpaka siku 54 kwa mwaka, hupati bila kuvuka mwaka. Wewe wa grini kadi unapigania 364. Hapa Minnesota makosa ya daraja la kati yalishushwa mwisho wake kuwa 364 mwaka 2023, lakini kesi nzito bado.

Halafu unaweza kukosana na hesabu kabisa: ukimaliza siku zako Aisii (ICE, askari wa uhamiaji) wakakuchukua, pengine unarudishwa jela hiyo hiyo, sare ni ya rangi nyingine tu, na humo gudi taimu haipo kwa sababu hujafungwa, umezuiliwa, na hakuna tarehe ya mwisho ya kupunguza.

Kwa hiyo usikubali kosa kabla hujamuuliza wakili hii itagusaje makaratasi yangu. Hata wa serikali wa bure anatakiwa akujibu, korti ya juu kabisa ya Marekani ilishaamua 2010 kwa kesi ya Padilla, dereva wa lori wa kutoka Honduras aliyekuwa mwanajeshi wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam, wakili wake alimwambia asijali amekaa Marekani miaka mingi.