Unyayo Uliochanika Hauchuliwi

Jumatatu alikuja kijana anayejiandaa na mbio za Kilimanjaro, kule Moshi. Unyayo umevimba, na katikati ya upinde damu imevilia chini ya ngozi. Alikuwa anapanda kilima, akasikia kitu kimekatika, "ta!", akarudi nyumbani akichechemea. Siku sita tangu hapo amekuwa akiuviringisha unyayo huo juu ya chupa ya maji yaliyoganda na kuuvuta kwa taulo kila asubuhi, kwa sababu rafiki yake alipona hivyo.

Nilimwonea huruma, na nilikasirika. Sikumkasirikia yeye. Kinachoniudhi ni imani ninayoisikia kila wiki, kwamba maumivu ya chini ya mguu ni ugonjwa mmoja: chua, nyoosha, ikishindikana kachomwe sindano.

Ndugu zangu, chini ya unyayo kuna fasia, utando mgumu wa nyuzi unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Fasia iliyochakaa na fasia iliyochanika si kitu kimoja. Iliyochakaa inauma hatua za kwanza asubuhi, inalegea ukishatembea, jioni inarudi, na mambo yanakwenda hivyo miezi. Tumezoea kusema ina uvimbe wa ndani, lakini mwaka 2003 mtafiti Harvey Lemont na wenzake walichunguza vipande 50 vya fasia vilivyotolewa kwa upasuaji, wakakuta nyuzi zilizochakaa, si uvimbe. Nyuzi za namna hiyo zinataka kazi. Panda na ushuke kwa vidole vya mguu, taratibu, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole, siku moja ndiyo, moja hapana. Utafiti uliofanywa Denmark ulionyesha kwamba baada ya miezi mitatu zoezi hili linashinda kunyoosha; ukifika mwaka, makundi yote mawili yanalingana.

Iliyochanika mara nyingi unaijua siku yake na saa yake. Huwezi kujisukuma kwa kidole gumba, na siku ya pili au ya tatu rangi inabadilika. Sasa fikiria kidole gumba kinapoinuka: fasia inavutwa kuzunguka vichwa vya mifupa kama kamba kwenye roda, na upinde unapanda. Mtafiti Hicks alilieleza hilo mwaka 1954. Kwa hiyo anayevuta vidole kwa taulo anavuta ncha mbili za kitambaa kilichopasuka, kila asubuhi, kisha anashangaa hakishikani.

Kuhusu mfupa ulioota kisiginoni: watu wengi wanao na hawaumwi popote, na eksirei haiwezi kukuonyesha kama fasia imechanika. Omba ultrasaundi.

Kwenye sindano ndiko ninakotaka mnisikilize. Mwaka 1998 Acevedo na Beskin, madaktari wa Marekani, walichapisha hesabu ya wagonjwa wao 765 wenye maumivu ya fasia. Kati yao 51 walikutwa fasia imechanika, na 44 kati ya hao 51 walikuwa wamechomwa sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu. Wao wenyewe waliwachoma 122, na 12 wakachanika. Karibu mmoja kwa kila kumi! Waliliandika hilo hadharani, nami nawaheshimu kwa hilo.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kila ninapoitaja hesabu hiyo. Anayechomwa sindano ni yule aliyeshindikana kwa mengine yote, mwenye fasia mbovu kuliko wenzake. Huenda baadhi yao wangechanika bila sindano. Pia sindano inaondoa maumivu, mtu anarudi kusimama saa kumi kwa siku juu ya unyayo ambao bado haujapona. Dawa ndiyo iliyoidhoofisha fasia, au ni nafuu iliyomdanganya mwenye mguu? Hesabu ile haitenganishi. Ninachowaambia wagonjwa wangu ni kwamba sindano ya tatu ndani ya mwaka mmoja waikatae.

Tena, si kila mmoja anasikia "ta". Katika kundi hilohilo la Acevedo na Beskin, karibu theluthi ya waliochanika maumivu yao yalikuja polepole. Na wengi maumivu ya zamani ya kisigino yalikwisha fasia ilipokatika! Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alinijia akiwa na furaha: "Daktari, kisigino kimepona kabisa, ila sasa naumwa huku pembeni." Upinde wake ulikuwa umeshuka, uzito umehamia ukingo wa nje wa mguu. Alikuwa amechomwa mara tatu. Kisigino hakikuwa kimepona, kamba ilikuwa imekatika.

Matibabu yenyewe hayana maajabu. Wiki mbili hadi tatu hukanyagi, unatembea kwa magongo, mguu umo ndani ya buti ya kitabibu au hogo (plasta ngumu) pale buti isipopatikana. Wiki mbili hadi tatu nyingine unakanyaga ukiwa na buti. Kisha kiatu chenye soli ngumu, hata ndani ya nyumba. Ndala weka kando. Mazoezi ya kupanda kwa vidole yanakuja baadaye, miguu yote miwili kwanza.

"Dokta, lini nitakimbia?" Watafiti Saxena na Fullem walifuatilia wanamichezo 18 waliochanika fasia. Wastani wa kurudi ulikuwa wiki tisa hivi, lakini mmoja alirudi baada ya wiki mbili na mwingine baada ya 26. Ndiyo maana sitoi tarehe. Nabonyeza palipochanika, nakutazama ukipanda kwa vidole vya mguu mmoja, na mguu ndio unaonijibu.

Kijana wa Jumatatu nilimwambia Moshi haendi mwaka huu. Alinyamaza muda mrefu, akiyatazama magongo. Kisha akauliza kama anaweza kuogelea. Kuanzia wiki ya tatu anaweza, kwa mikono, miguu imetulia, na asijisukume ukutani anapogeuka.