Mbegu yenye mbio si lazima itunge mimba

Vijiweni hapa Masasi, wafugaji wa mbuzi wakianza kusifia mabeberu yao, utasikia: mbegu yenye mbio kuliko zote ndiyo inayotunga mimba. Wapi! Mbegu ikishamwagwa tu haiwezi kitu. Mwaka 1951 wanasayansi Chang na Austin, kila mmoja kivyake, walionyesha kuwa lazima ikae kwanza ndani ya jike ndipo iive. Kichwani ina kifuko cha vimeng'enya, lakini navyo vinasifiwa kupita kiasi: panya madume waliondolewa akrosini, kimeng'enya maarufu cha kutobolea ganda la yai, na bado wakazalisha. Mkia nao unasukuma sana mbegu ipenye. Yai nalo halijakaa likingoja tu. Likishapokea mbegu moja, linamwaga ovastasini, kimeng'enya kinachokata protini ya ganda, nyingine zikakosa pa kushika.