Ufikiaji wa mbali: kompyuta iko Kibokoni, mkono uko Likoni

Ufikiaji wa mbali ni uwezo wa kuiona na kuitumia kompyuta iliyo mahali pengine kana kwamba umeketi mbele yake. Skrini yake yaonekana kwenye skrini yako. Ukisogeza kipanya chako, mshale wa kule unasogea. Ukiandika, herufi zinatokea kule. Kompyuta yenyewe haikutoka mezani pake, na mafaili hayakuhama. Kinachosafiri ni picha ya skrini kuja kwako na amri za mkono wako kwenda kule, basi.

Nilianza kuuhitaji kwa ajili ya ami yangu. Yeye anaishi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nami naishi Likoni. Alikuwa karani bandarini, na tangu astaafu kompyuta yake ya mezani ndiyo ofisi yake: humo anaandika nasaba za ukoo, anaweka hesabu za msikiti, na jioni anazungumza kwa video na bintiye aliye Muscat. Kitu kikikwama, hunipigia simu. Zamani nilikuwa navuka feri, nashika tuktuk, napanda ngazi, nabonyeza kitufe kimoja, kisha narudi. Au tulijaribu kwa simu, na hiyo ilikuwa kazi ngumu zaidi.

"Ami, waona alama kama gurudumu pale chini?"

"Naona magurudumu matatu, mwanangu. Wataka lipi?"

Kwa simu, mmoja anaona ila hajui jina la anachokiona, na mwenziwe anayajua majina ila haoni. Ufikiaji wa mbali huwapa wote wawili jicho moja.

Namna unavyofanya kazi ni hivi. Programu iliyo kwenye kompyuta ya mzee huipiga picha skrini mara nyingi kwa sekunde moja, lakini haitumi picha nzima kila mara. Hulinganisha picha mpya na iliyotangulia, ikatuma vile vipande vilivyobadilika tu, navyo vikiwa vimebanwa. Ndiyo maana ukurasa wa maandishi uliotulia hauli bando sana, lakini video ikichezwa kule kila kitu huanza kukatikakatika. Nikiingia kwa Ami, jambo la kwanza ni kusimamisha video ya mawaidha aliyoiacha ikiendelea.

Kasi ya mtandao peke yake haitoshi. Muda wa kwenda na kurudi nao una lake. Kabla ya mwaka 2009, intaneti kati ya Kenya na nchi za nje ilitegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ishara ipande na kushuka, kisha jibu lirudi kwa njia hiyo hiyo: karibu nusu sekunde imekwisha. Nusu sekunde ni kidogo kwa barua pepe. Kwa mshale ni balaa, kwa sababu mkono unauongoza kwa kuuangalia. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika nchi kavu hapahapa Mombasa, na muda huo ukapungua sana. Kazi ninayomfanyia Ami leo ingekuwa mateso wakati ule.

Sasa, kompyuta ya Likoni huijuaje ya Kibokoni? Ruta ya nyumbani, kile kifaa kinachogawa intaneti, huficha vifaa vyote vya ndani nyuma ya anwani moja, na mgeni anayebisha kutoka nje hajibiwi. Kwa hivyo programu nyingi za kazi hii hutumia mshenga. Kompyuta zote mbili hutoka zenyewe kwenda kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni yenye programu, kila moja ikajitambulisha, na seva ikazikutanisha. Mara nyingine zikishakutana huzungumza moja kwa moja. Ruta zikikataa, mshenga hubeba maneno ya pande zote mpaka mwisho. Maneno hayo husafiri yakiwa yamefungwa kwa usimbaji, yaani yamegeuzwa asiyehusika asiweze kuyasoma. Ile nambari unayomwomba mzee akusomee ndiyo inayomwambia mshenga aende nyumba ipi.

TeamViewer, AnyDesk na Chrome Remote Desktop zote zimesimama juu ya wazo hilo, na Windows ina yake iitwayo Quick Assist. Windows pia ina huduma ya zamani iitwayo Remote Desktop, lakini toleo la Home, ambalo ndilo lililo kwenye kompyuta nyingi za nyumbani, haliruhusu kuingiwa kwa njia hiyo. Na hata kwenye matoleo yanayoruhusu, mtu asikushauri ufungue mlango wake, namba 3389, kwenye ruta. Wezi huutafuta mlango huo mtandaoni usiku na mchana, na wanaofunga mafaili ya watu ili wadai fidia wameshaingia kwa wengi kupitia hapo.

Kuna namna mbili za kuingia, na uzito wote wa dhana hii uko hapa.

Ya kwanza ni ya hodi. Kila unapotaka kuingia, mwenye kompyuta lazima awepo, akupe nambari au akubali ombi lako. Chrome Remote Desktop, kwa mfano, hutoa msimbo wa tarakimu 12 unaokufa baada ya dakika 5. Kwa Quick Assist, msaidizi ndiye anayepata msimbo. Mzee huuandika kwake, kisha huulizwa tena kama anakubali skrini yake ionekane, na msaidizi akitaka kushika mshale sharti aombe ruhusa nyingine. Kikao kikiisha, ruhusa nayo imeisha.

Ya pili ni ya ufunguo. Programu inasakinishwa ikae, inaamka yenyewe kompyuta inapowashwa, na msaidizi ana neno la siri lake. Anaweza kuingia saa nane za usiku na mwenye nyumba amelala. Kwa anayelinda seva za ofisi, hii ndiyo inayofaa. Kwa mzee mwenye akili zake timamu, mimi naona haifai, ila akiomba mwenyewe kwa sababu ya macho au ugonjwa. Nilipompendekezea Ami, kwa nia ya kumpunguzia usumbufu wa nambari, alivua miwani akaniangalia. "Humu ndani huingii bila hodi," akasema, "huko ndiko uingie?" Alikuwa na haki. Mle mna barua zake, picha za marehemu mkewe, na hesabu za watu waliomwamini. Niliiondoa programu ile siku hiyohiyo, na tangu hapo tunatumia msimbo.

Sheria nayo haiangalii udugu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inamhesabu mkosaji anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kwa kuvunja ulinzi wake, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Siku ya kwanza tulipofanikiwa, Ami alinisomea nambari tatu tatu, kwa sauti ya mtu anayehakiki mizigo. Nikasogeza mshale. Kimya. Kisha: "Mbona watembea wenyewe?" Nikamwomba ashike kipanya chake akizungushe. Akazungusha, mshale ukanitoka mkononi. Nakushauri uanze hivyohivyo kwa mzee wako. Ataona kwa macho yake kwamba hajanyang'anywa kitu, na kwamba akiona jambo asilolipenda aweza kulizuia, akafunga dirisha, au akachomoa waya wa intaneti.

Jambo jingine litakalowashtua nyote wawili: katikati ya kazi, skrini yako hugeuka nyeusi au huganda. Hakikuharibika kitu. Windows inapouliza kama programu fulani iruhusiwe kubadilisha mfumo, swali hilo huliweka kwenye skrini iliyotengwa, na kwa Quick Assist msaidizi wa kawaida haioni wala hawezi kuibonyeza. Aliyeketi pale ndiye anayejibu. Mwambie akusomee jina lililoandikwa, kisha ndipo akubali. Mimi naipenda tabia hiyo ya mashine: hata mgeni aliyekaribishwa hajibu swali la mwenye nyumba.

Sasa ubaya wake. Matapeli wanatumia programu hizihizi, halali kabisa, kwa hivyo kinga ya virusi huenda isiseme neno. Hukupigia simu wakajiita mafundi wa kampuni kubwa, au hukuwekea onyo kwenye skrini lenye nambari ya simu. Jioni moja Ami alijaziwa skrini na ukurasa mwekundu uliopiga kelele kuwa kompyuta yake ina virusi na asiizime. Alinipigia mimi kwanza. Ulikuwa ukurasa wa kawaida wa intaneti uliotanuliwa ukafunika kila kitu. Nilimwambia akandamize kitufe cha Esc asikiachie, ukapungua, tukafunga kivinjari. Nilipoingia nikakuta chanzo: tovuti fulani ilimwomba ruhusa ya kumtumia arifa naye akabonyeza kukubali, na kupitia hapo maonyo ya uongo yakawa yanamiminika. Nikaifuta ruhusa ile kwenye mipangilio ya kivinjari.

Kanuni tuliyokubaliana ni fupi. Simu huanzia kwake. Yeyote anayempigia na kumwambia kompyuta yake ina tatizo, hata akijua jina lake, hapewi nambari. Na wakati mtu yumo ndani, hata nikiwa mimi, hafungui benki, wala PIN ya M-Pesa haitamkwi wala haiandikwi.

Kazi za matunzo zenyewe hazina siri. Mara moja kwa mwezi naangalia kama masasisho yameingia, diski ina nafasi, kivinjari hakikuota vitu visivyojulikana, na nakala za mafaili zimehifadhiwa kwenye diski ya nje. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo kama mzee wako bado yuko huko, hilo ndilo la kuanza nalo kabla ya kupanga picha zake.

Mbali ina mipaka yake. Umeme ukikatika, huna pa kuingia. Waya uliolegea hauukazi ukiwa Likoni, wala karatasi iliyokwama kwenye printa huitoi. Na hapa kwetu kuna hewa ya bahari: chumvi na unyevu hula vyuma, vumbi huziba feni, kompyuta ikapata joto ikawa nzito, nawe ukadhani ni programu. Feni ya Ami nilivuka feri kuisafisha, kwa brashi ya rangi, mlangoni penye mwanga, naye amenishikia skrubu kwenye kisahani cha kahawa ili zisipotee.

Kikao kikimalizika, nakata mimi, kisha namwomba ahakikishe kwake dirisha limefungika na mshale umerudi kuwa wake peke yake. Halafu anafungua daftari lililo kando ya kibodi, la mistari, lenye safu nne alizozipiga kwa rula: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi iliyofanywa. Nilipomtembelea mara ya mwisho nililisoma. Siku ya ule ukurasa mwekundu ameandika kwa wino wa buluu: "Kaingia saa tatu na robo usiku, kwa idhini yangu. Kafuta arifa za uongo. Katoka saa tatu na nusu."