Je, wajua kwa nini batisi wa Dodoma si ndugu wa wakamata nzi?

Kwenye migunga ya pembezoni mwa Dodoma yupo ndege wa sentimita 12 hivi, macho ya njano, mstari mweusi mpana ukipita usoni. Ni batisi, Batis molitor. Wengi wakimwona huhesabu ndege wawili: mmoja mwenye mkanda mweusi kifuani, mwingine mkanda wa hudhurungi na doa la rangi hiyohiyo kidevuni. Hao ni mke na mume. Mwenye doa ndiye jike.

Kosa kubwa zaidi lilikaa vitabuni miaka mingi. Batisi aliwekwa kwenye familia ya Muscicapidae, pamoja na wakamata nzi halisi kama Muscicapa striata, anayekuja kwetu akikimbia baridi ya Ulaya. Sababu inaeleweka: wote wana mdomo uliobapa na vinyweleo vigumu pembeni yake, na wote humvizia mdudu tawini kisha huchupa kumdaka.

Sasa waangalie wavuvi wa bwawa la Mtera. Mgogo wa upande wa Dodoma na Mhehe wa upande wa Iringa hurusha wavu kwa namna moja, mabega yao yamejengeka sawa, jua limewachoma sawa. Ukiwaona kwa mbali utasema ni wa baba mmoja, kumbe kilichowafananisha ni kazi. Kwa ndege, kazi hiyo imefanyika kwa mamilioni ya miaka: mwenye mdomo usiofaa hukosa windo na hulea makinda wachache, mwenye mdomo mpana hujaza kiota, mpaka koo mbili za mbali zikafanana umbo.

Vinasaba ndivyo vilivyowatenganisha. Batisi ni wa familia ya Platysteiridae, na wako karibu zaidi na ndege waitwao vanga, wa Madagaska, kuliko na wakamata nzi. Nani hasa aliye jirani yao wa kwanza, wataalamu bado wanabishana, maana matawi ya ukoo huo yaligawanyika haraka mno, karibu kwa pamoja.

Familia yote ni ya Afrika, kusini mwa Sahara. Molitor ameenea hadi Afrika Kusini. Batis soror ni wa pwani. Kinachosisimua kweli ni wale wa misituni. Mwaka 2006 watafiti wa ndege Fjeldså, Bowie na Kiure walionyesha kwamba aliyeitwa Batis mixta ni spishi mbili. Mpya ikaitwa Batis crypta, ya misitu ya Udzungwa, Uluguru, Ukaguru na Rubeho, na milima ya Rubeho inaingia hadi wilaya ya Mpwapwa. Kwa hiyo batisi wa kwenye mgunga wa tambarare, karibu hakika, ni molitor. Crypta utampata ukipanda milimani, ndani ya msitu.