Je, Gadi Kijana Yumo Kwenye Mipango ya Timu? Dhana Potofu na Ukweli Wake

Februari 8, 2022, Sacramento Kings walimwachia Tyrese Haliburton, kijana ambaye hata miaka 22 alikuwa hajaitimiza. Walimpeleka Indiana Pacers pamoja na Buddy Hield na Tristan Thompson, wakamchukua Domantas Sabonis, Justin Holiday, Jeremy Lamb na haki ya kuchagua mchezaji mmoja wa raundi ya pili ya drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa kikapu liliwaka moto mpaka usiku wa manane. Wapo waliosema Kings wamerogwa. Wapo waliosema kumbe kijana hakuwa lolote, la sivyo asingeachiwa.

Hoja zile zile huibuka tena kila timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, inapokuwa na gadi mdogo wa umri mwenye kipaji: yumo kwenye mipango ya muda mrefu au hayumo? Kwa asiyefuatilia sana, gadi ndiye anayepandisha mpira na kupanga shambulio, au mwenzake anayekaa pembeni tayari kutupa. Hoja nyingi ninazozisikia juu ya vijana hawa zimesimama kwa mguu mmoja. Nitazipitia, na Haliburton atanisindikiza karibu njia nzima, maana kisa chake kimebeba karibu kila kitu tunachobishania.

Dhana: "Wamemtoa, kwa hiyo hawakumwamini"

Tazama hali aliyoikuta alipofika. Kings walimchagua wa 12 kwenye drafti ya Novemba 2020. Siku chache tu baadaye wakampa De'Aaron Fox, gadi waliyemchagua wa 5 mwaka 2017, mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 163. Yaani kijana alipokuwa anaingia mlangoni, kiti cha mbele kilikuwa tayari kina mtu, na kimelipiwa. Mwaka uliofuata wakamwongeza gadi mwingine, Davion Mitchell, aliyechaguliwa wa 9. Wakati huo huo timu ilikuwa haijaonja mechi za mtoano tangu 2006, na kati kati ya uwanja haikuwa na mtu mrefu wa kuutuliza mpira na kuugawa.

Sabonis alikuwa ndiye mtu huyo, na alishachaguliwa mara mbili kwa mechi ya nyota wa ligi (All-Star). Mtu hapeleki sokoni mbuzi aliyekonda akarudi na ng'ombe. Pacers walikubali kumtoa Sabonis kwa sababu waliyepewa alikuwa na thamani hiyo, na Kings walijua. Gadi kijana mara nyingi huondoka kwa sababu ni mzuri: ndiye pekee kikosini ambaye timu nyingine iko tayari kumlipia kwa kitu cha maana. Kuwa mzuri na kuwamo kwenye mipango ni mambo mawili.

Dhana: "Gadi wawili wazuri watapatana tu" (na dada yake: "gadi wawili hawapatani kamwe")

Kambi hizi mbili hugombana kila msimu, na zote zinakosea, kwa sababu zinahesabu vipaji badala ya kuuangalia mpira. Mpira ni mmoja. Swali ni yule asiyeushika anafanya nini.

Ukirudia mechi za Kings za msimu wa 2021-22, mtazame Fox akiwa juu ya duara, anadunda, anapima beki, kisha anachomoka kwa kasi yake ile kuelekea kikapuni. Sasa hamishia macho kwenye kona. Haliburton amesimama, mikono tayari, anasubiri. Na anasubiri vizuri: msimu wake wa kwanza alifunga karibu asilimia 41 ya mitupo ya pointi tatu, kwa hiyo beki wake hathubutu kumwacha. Ukiishia hapo utasema wanapatana. Lakini kipaji kikubwa cha kijana yule ni kuiona pasi kabla mwenzake hajaanza kukimbia. Kumweka konani ni sawa na kumpa mpishi mkuu kazi ya kukata vitunguu. Atavikata vizuri sana, ila chakula anapika mwingine. Na ukiwabadilisha, Fox ndiye asimame konani, beki anamwacha na kwenda kusaidia ndani, kwa sababu mtupo wa mbali haukuwa silaha ya Fox.

Indiana walimkabidhi sufuria na mwiko. Msimu wa 2023-24 aliongoza NBA nzima kwa pasi za kufunga, wastani wa 10.9 kwa mechi. Mtu ni yule yule.

Upande wa ulinzi nao husahaulika sana. Golden State Warriors waliwahi kuwa na Monta Ellis na Stephen Curry, wote wawili na urefu wa mita 1.9 hivi, na Ellis mwenyewe aliwaambia wanahabari mwanzoni kabisa, mwaka 2009, kwamba wawili hao hawawezi kucheza pamoja. Mashabiki hawakutaka kusikia hilo. Machi 13, 2012, siku moja kabla Curry hajatimiza miaka 24, Ellis alipelekwa Milwaukee na Andrew Bogut, mchezaji mrefu wa kati, akaja, tena akiwa majeruhi. Siku chache baadaye kulikuwa na sherehe ya kuistaafisha jezi ya Chris Mullin, nyota wao wa zamani, pale nyumbani kwao Oakland. Mmiliki wa timu, Joe Lacob, aliposhika kipaza sauti, uwanja mzima ukamzomea. Akanyamaza, akajaribu tena, wakamzomea tena, mpaka gwiji wa zamani Rick Barry akasimama kuwakemea mashabiki.

Ukijiweka kwenye viti vile usiku ule, utawaelewa. Mfungaji wao bora ameondoka, na aliyebaki ni kijana ambaye msimu ule alicheza mechi 26 tu kwa sababu ya kifundo cha mguu. Lakini viongozi wale walichagua kwa kuangalia nani anaweza kufunga bila kuushika mpira kwa sekunde kumi, na nani anaweza kulindwa na mtu mrefu nyuma yake. Mwaka 2015 Curry na Bogut walikuwa mabingwa.

Dhana: "Kila mabadilishano yana mshindi na mshindwa"

Hapa ndipo ninapobishana na marafiki mpaka leo. Msimu wa kwanza kamili wa Fox na Sabonis, 2022-23, Kings walishinda mechi 48, wakamaliza wa tatu Kanda ya Magharibi na kuvunja mkosi wa misimu 16 bila mtoano, mrefu kuliko wowote katika historia ya NBA. Kila waliposhinda, miale ya zambarau ilirushwa angani juu ya uwanja wao, na mji mzima ukaifanya nembo. Raundi ya kwanza waliwasukuma Warriors hadi mechi ya saba, na ikabidi Curry afunge pointi 50 kuwatoa. Huwezi kumwambia mtu wa Sacramento kwamba msimu ule haukuwa na thamani.

Na Indiana? Fainali ya Kanda ya Mashariki mwaka 2024, halafu fainali yenyewe ya NBA mwaka 2025. Mechi ya kwanza ya fainali ile kwetu Afrika Mashariki ilianza saa tisa na nusu usiku. Nilikuwa nimekaa sebuleni taa zikiwa zimezimwa, simu nimeipunguza sauti nisiamshe watoto. Pacers walikuwa nyuma muda wote wa mechi. Nje adhana ya alfajiri ilishapita na kulianza kupambazuka Haliburton alipodunda kuelekea kulia, akaruka, akatupa. Zimebaki sekunde 0.3. Pacers 111, Oklahoma City Thunder 110. Niliuma mto wa kochi ili nisipige kelele.

Lakini hapo hapo kuna jambo lingine. Upande wa pili wa uwanja alikuwepo Shai Gilgeous-Alexander, ambaye Los Angeles Clippers walimwachia Julai 2019, baada ya msimu wake mmoja tu, ili wampate nyota Paul George. Pamoja naye waliwapa Thunder rundo la haki za drafti, na mojawapo ndiyo iliyomleta nyota mwenzake, Jalen Williams. Mwaka 2025 Shai alikuwa mchezaji bora wa msimu, mchezaji bora wa fainali, na bingwa. Yaani fainali nzima iliongozwa na magadi wawili walioachiwa na timu za kwanza walizozichezea. Ya Haliburton mimi nasema pande zote zilipata. Ya Shai, Clippers walifika fainali ya kanda mwaka 2021 na hawakuvuka hapo, na sioni njia ya kuwatetea sana. Kila biashara ipimwe kwa vitabu vyake.

Haliburton hakuimaliza fainali ile. Mechi ya saba, Juni 22, kano ya kisigino ilikatika robo ya kwanza, akaanguka akipiga sakafu kwa kiganja. Hakuna mpango wa muda mrefu unaoweza kuandika kitu kama hicho.

Dhana: "Anaanzia benchi, basi hayumo"

Manu Ginobili aliitumikia San Antonio Spurs maisha yake yote ya NBA, mechi nyingi akitokea benchi, akatwaa ubingwa mara nne, na jezi yake namba 20 imetundikwa darini. Angalia dakika za mwisho nani yuko uwanjani. Orodha ya wanaoanza haikwambii mengi.

Dhana: "Kama ni mzuri, suala la mshahara litajulikana mbele ya safari"

Hii ndiyo dhana iliyozigharimu timu kuliko zote, na mashabiki wengi hatuipi uzito kwa sababu karatasi hazina raha kama mitupo. Mchezaji wa raundi ya kwanza ya drafti ana mkataba wenye viwango vilivyopangwa. Miaka miwili ya mwanzo ni ya uhakika, wa tatu na wa nne timu ndiyo inayoamua. Baada ya msimu wa tatu mnaweza kukaa mezani kuongeza mkataba. Msipokubaliana, baada ya wa nne anaweza kutafuta ofa kwingine, lakini timu yake ikitaka inalipa kiasi kile kile na kubaki naye. Kwa hiyo klabu ina kamba mkononi.

Mchezaji wa raundi ya pili hana kamba hiyo kwa urefu ule. Jalen Brunson alichaguliwa wa 33 mwaka 2018, akasaini na Dallas Mavericks miaka minne. Timu ilikuwa na nafasi ya kumwongezea miaka minne kwa takriban dola milioni 55, lakini haikumwekea karatasi mezani kwa wakati. Pengine waliona ana urefu mdogo, na mpira ni wa nyota wao, Luka Dončić. Halafu ukaja mtoano wa 2022. Dončić alikuwa majeruhi, na kwenye mechi ya pili dhidi ya Utah Jazz Brunson akafunga pointi 41. Bei ikapanda usiku mmoja. Julai yake, akiwa huru kabisa, alisaini na New York Knicks kwa dola milioni 104. Dallas, waliokuwa wametoka kucheza fainali ya kanda, hawakupata hata mchezaji mmoja wa kufidia.

Nikisikia "kijana yumo kwenye mipango," siku hizi swali langu la kwanza ni mkataba wake unaisha lini na nani ana haki ya kusema neno la mwisho.

Dhana: "Miaka miwili inatosha kumjua"

Boston Celtics walimchagua Chauncey Billups wa 3 mwaka 1997 na kumwondoa baada ya mechi 51. Alizunguka timu kadhaa, na mwaka 2004 akawa mchezaji bora wa fainali akiwa na Detroit Pistons. Steve Nash alichaguliwa na Phoenix Suns, ambako nafasi yake ilishikwa na Kevin Johnson, kisha Jason Kidd. Wakampeleka Dallas mwaka 1998. Aliporudi Phoenix alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa msimu mara mbili mfululizo, 2005 na 2006, akiwa ameshavuka miaka 30. Kazi ya gadi ni kusoma watu tisa wengine kwa wakati mmoja, na kusoma huko huja kwa kukosea sana hadharani. Timu isiyo na subira hulipia makosa yake, na timu nyingine inavuna.

Dhana: "Wakishachagua mmoja, mpango umeshafungwa"

Fox ndiye aliyefanya Haliburton akose nafasi. Februari 2025, miaka mitatu hivi baadaye, Fox naye aliondoka Sacramento kwenda San Antonio, na kocha wa Kings, Mike Brown, alikuwa ameshafukuzwa Desemba.

Na huko San Antonio swali limezaliwa upya. Kabla ya Fox walikuwa na Stephon Castle, chaguo la 4 la mwaka 2024, aliyetwaa tuzo ya mchezaji bora chipukizi. Miezi michache baada ya Fox kufika wakamchagua Dylan Harper, wa 2 katika drafti ya 2025. Agosti ile ile Fox aliongezewa miaka minne kwa dola milioni 229, inayoanza kuhesabiwa msimu wa 2026-27. Castle atafikia muda wa kuongeza mkataba kiangazi cha 2027, Harper 2028, na juu yao wote yuko nyota wao mrefu, Victor Wembanyama, ambaye mshahara wake hauna mjadala. Castle msimu wake wa kwanza alifunga chini ya asilimia 30 ya mitupo ya pointi tatu.

Mimi nitakuwa namtazama Castle pale konani, mpira ukiwa kwa mwingine: beki wake anabaki naye, au anamgeuzia mgongo?