Nusukaputi ni nini, na ni nani anayekaa kichwani kwa mgonjwa

Mtu akiambiwa ataingia thieta, anayemuulizia ni daktari wa kumpasua. Ni nani? Ana uzoefu? Ni nadra kusikia akimuulizia yule atakayemlaza, ilhali huyo ndiye atakayeshika pumzi zake tangu anapofumba macho hadi anapoitika jina lake tena.

Nusukaputi ni hali ya kupoteza fahamu kwa makusudi, kwa dawa, kwa muda unaopangwa na anayeitoa. Tumezoea kuiita usingizi, lakini usingizi wa kawaida sivyo ulivyo. Aliyelala ukimfinya ataamka. Aliyepigwa nusukaputi hupasuliwa tumbo asitikisike. Tena aliyelala anapumua mwenyewe na koo lake linajilinda: mate yakikosea njia, atakohoa. Katika nusukaputi nzito kinga hiyo inazimika. Ndiyo sababu manesi wanakukataza kula kwa saa 6 kabla ya upasuaji, na hata maji matupu unatakiwa kuyaacha saa 2 kabla. Chakula kikipanda kutoka tumboni wakati koo halijitambui, kinateremka mapafuni, na mtu aliyekuja kutolewa kidole tumbo anaweza kufia hapo kwa kikombe cha chai alichokificha.

Anayekulaza anatafuta mambo matatu: usijue kinachoendelea, mwili usipokee maumivu, na misuli ilegee ili mpasuaji apate nafasi ya kufanya kazi. Zamani dawa moja ilibebeshwa mzigo wote huo, na ilibidi itolewe nyingi. Siku hizi kila jambo lina dawa yake, kwa hiyo kipimo cha kila moja ni kidogo zaidi. Ganzi ni habari nyingine. Mama anayejifungua kwa operesheni mara nyingi huchomwa sindano ya mgongo. Kuanzia kifuani kwenda chini hasikii maumivu, ingawa anahisi kuvutwavutwa, na mtoto akilia anamsikia. Hajapigwa nusukaputi, lakini aliyemchoma sindano ni mtaalamu yule yule wa usingizi.

Kabla ya 1846, mwaka ambao nusukaputi ilitangazwa kutoka Boston, Marekani, sifa kubwa ya mpasuaji ilikuwa mkono mwepesi. Robert Liston wa London alijulikana kwa kukata mguu kwa muda usiotimia dakika 3, huku wanaume wenye nguvu wamemkandamiza mgonjwa mezani. Kwingine watu walitumia kileo au mitishamba. Huko Japani, mwaka 1804, Hanaoka Seishu alimnywesha mama mmoja mchanganyiko wa mimea aliouchunguza kwa miaka mingi, kisha akamtoa uvimbe wa titi. Ilikuwa kazi ya ajabu, lakini siri ilibaki kwa wanafunzi wake na nchi yao ilikuwa imejifungia. Hapa kwetu, Robert Felkin, msafiri kutoka Uingereza, alishuhudia upasuaji wa uzazi Bunyoro, Uganda ya leo, mwaka 1879. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu, na pombe hiyo hiyo ikatumika kumwosha tumbo na kunawisha mikono ya mganga. Jeraha lilibanwa kwa vyuma vyembamba na kufungwa kwa nyuzi za gome la mti. Hadi Felkin anaondoka, mama na mtoto walikuwa hai. Kwa ushahidi huo sioni sababu ya kuianza historia hii Boston peke yake.

Boston ndiko habari ilikotangazwa, basi. Daktari wa meno Horace Wells aliona watu wakivuta gesi ya kuchekesha kwenye tamasha, mmoja akajigonga mguu bila kuona maumivu. Wells akang'olewa jino lake mwenyewe chini ya gesi hiyo, akafurahi, na mwanzoni mwa 1845 akaenda kuwaonyesha madaktari wa Boston. Mgonjwa alipiga kelele, wakamcheka. Aliyekuwa mshirika wake, William Morton, akarudi na etha, kimiminika ambacho mvuke wake ukivutwa hulaza. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, Gilbert Abbott aliivuta kutoka kwenye chupa ya kioo, naye John Collins Warren akamtoa uvimbe wa shingo bila ukelele. Morton aliitia etha rangi na kuipa jina la kibiashara ili isitambulike, maana alitaka kuiuza kwa hati miliki. Wakati huo wote Crawford Long, daktari wa mji mdogo wa jimbo la Georgia, alikuwa ameshaitumia tangu Machi 1842, ila hakuandika chochote hadi 1849. Wells alijiua mwaka 1848. Ugomvi wa nani alianza uliwamaliza watu.

Kabla 1846 haijaisha, Liston mwenyewe alishakata mguu kwa etha huko London. Novemba 1847, James Young Simpson wa Edinburgh akaja na klorofomu, dawa nyingine ya kuvuta, yenye harufu nzuri na inayolaza haraka. Wiki chache baadaye, tarehe 28 Januari 1848, binti wa miaka 15, Hannah Greener, alipewa klorofomu karibu na Newcastle ili atolewe ukucha wa mguu. Alikufa kabla ya dakika chache kupita.

Kifo hicho ndicho kinachonifanya niseme kwamba ugunduzi wa dawa ulikuwa nusu ya kazi. Dawa ilikuwa tayari. Mtu wa kuisimamia hakuwepo. Miaka hiyo aliyekaribu ndiye aliyemimina: mwanafunzi, mtumishi wa hospitali, yeyote. John Snow, daktari yule yule aliyeonyesha kwamba kipindupindu cha London kilienezwa na maji, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifanya kuwa fani. Alipima mvuke, akatengeneza vifaa, akaandika alichokiona kwa kila mgonjwa. Aprili 1853 alimpa Malkia Victoria klorofomu kidogo kidogo kwenye kitambaa kwa dakika 53 malkia akimzaa mwanawe Leopold. Baada ya hapo mabishano kwamba uchungu wa uzazi usipunguzwe yalianza kupoa.

Marekani tatizo lilikuwa wanafunzi wa udaktari: mkono kwenye etha, macho kwenye upasuaji. Hospitali kadhaa zikawakabidhi manesi kazi hiyo. Huko Rochester, Minnesota, kwenye hospitali ya wapasuaji ndugu wa Mayo, alikuwepo nesi Alice Magaw. Alifunika pua na mdomo kwa kitambaa chepesi, akadondosha etha tone baada ya tone, huku akizungumza na mgonjwa kwa upole na kumweleza mapema atakachokisikia. Aliongeza tone au kulizuia kwa kutazama pumzi na rangi ya uso. Mwaka 1906 aliripoti wagonjwa zaidi ya 14,000 bila kifo hata kimoja kilichotokana na dawa. Etha ilikuwa ile ile ya Morton. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na kazi nyingine. Pamoja na hayo, suala la manesi kutoa usingizi lilifika mahakamani Kentucky na California, na manesi wakashinda, 1917 na 1936.

Mwaka 1942, Harold Griffith wa Montreal alianza kutumia kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, kulegeza misuli. Hapo kazi ikabadilika kabisa, kwa sababu msuli wa kupumulia nao unalegea. Anayekulaza sasa anaingiza mpira kooni mwako na kupumua kwa niaba yako, kwa mashine au kwa kubinya mfuko kwa mkono.

Afrika Mashariki madaktari bingwa wa usingizi ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Kwenye hospitali za wilaya za Kenya, Tanzania na Uganda anayekulaza mara nyingi ni nesi au ofisa tabibu aliyesomea fani hiyo. Ketamini, dawa ya usingizi inayotolewa kwa sindano, imewasaidia sana: haizimi pumzi kirahisi kama dawa nyingine, haishushi presha, na haidai mashine kubwa. Ubaya wake ni ndoto za ajabu wakati wa kuzinduka, ndiyo maana utamkuta mtu akiongea na marehemu wake wodini. Kitu kingine ni kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwa mwanga, kilichotokana na wazo la Takuo Aoyagi wa Japani miaka ya 1970. Mlio wake unashuka sauti oksijeni ikipungua, kwa hiyo mtaalamu anayevuta dawa kwenye bomba la sindano, mgongo kaupa mashine, anajua mambo yameharibika kabla hajageuka.

Huyo mtaalamu atapita kukuona kabla ya upasuaji, na maswali yake yana maana. Mwambie meno yanayocheza na ya bandia, kwa kuwa chuma cha kuangalizia koo kinapita hapo. Mwambie dawa za miti shamba unazokunywa, pumu, dawa zinazokudhuru, na kama kuna ndugu aliyewahi kupata matatizo akilazwa. Rangi ya kucha itolewe. Hina nyeusi iliyokolea vidoleni nayo huweza kuzuia mwanga wa kile kifaa, na kwa kuwa haifutiki kwa siku moja, watakibana kwenye ndewe ya sikio.